Pikapu Inayopumzika

Iringa mjini hakuna asiyejua pampu ya dizeli. Miaka yote nilidhani majirani zangu ni walimu, wauza mitumba na watumishi wa halmashauri. Pikapu yangu ilipoanza kuzima njiani, kila mmoja akajitokeza na utaalamu wake. Kinyozi wangu alisimamisha mashine nikiwa nimenyolewa upande mmoja, ili anieleze kwa utulivu kwamba pampu za Hilux za zamani "zinachoka ndani kwa ndani", na kwamba binamu yake wa Makambako alipatwa na hali hiyohiyo. Nikamuuliza binamu alitatua vipi. Akasema aliuza gari akanunua bodaboda.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya mwaka 1994, kabini moja, injini ya 3L ya lita 2.8, isiyo na turbo wala kompyuta. Magari ya siku hizi yanachomekwa waya, simu inamsomea fundi ugonjwa, fundi anakusomea bei. Yangu haina pa kuchomeka waya. Inabidi uiulize kwa mdomo, na haijibu.

Na ugonjwa wake ulikuwa na hila. Ikiwa tupu, inakwenda. Mjini, inakwenda. Gereji, mbele ya fundi, inanguruma vizuri mpaka fundi anaacha kuitazama injini anaanza kunitazama mimi. Lakini pakia magunia ya vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, anza kupanda Kitonga, na ukifika kwenye zile kona ambazo upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande wa pili ni bonde, nguvu zinaanza kuisha. Unakanyaga mafuta, haisikii. Unashusha gia, inakohoa. Halafu kimya.

Mtu ambaye hajazimikiwa na gari Kitonga asinihubirie habari za subira. Injini ya dizeli ikizima, na ile pampu ndogo ya kufyonza hewa inayosaidia breki imesimama, kwa hiyo breki unaikanyaga kwa mguu wako na mguu wa babu yako. Utingo anaruka na jiwe kuzuia gurudumu. Unakata matawi unayatandaza barabarani, kwa sababu ile pembetatu ya kuakisi mwanga ambayo sheria inaidai imeazimwa, na aliyeiazima nitamfikia baadaye. Nyuma yako malori ya Zambia na Kongo yamepanga foleni, na madereva wanakusalimia kwa honi na kwa lugha usizozijua, ila maana unaipata. Unangoja. Unapiga stata. Inawaka! Inawaka palepale bila haya, inapanda kona kadhaa, inazima tena.

"Bosi," utingo wangu akaniambia, "hii haijaharibika. Inapumzika."

Sasa nieleze safari ya mafuta, maana bila hiyo huwezi kuelewa hasira zangu. Dizeli inatoka tangini, nyuma, chini ya bodi. Inapita kwenye bomba jembamba mpaka mbele, inaingia kwenye filta yenye kikombe cha kukamata maji, inafika kwenye pampu, na pampu inaisukuma kwa nguvu kwenda kwenye nozeli nne. Tangini hakuna pampu ya umeme. Pampu hiyohiyo ya mbele ndiyo inayovuta mafuta kutoka nyuma. Basi. Njia nzima haizidi urefu wa pikapu. Ungedhani mtu mwenye akili atashika ncha moja aifuate mpaka ya pili. Hakuna aliyefanya hivyo. Wote walirukia mbele, kwenye pampu na nozeli, kwa sababu mbele ndiko kwenye spea za kuuza. Tangini hakuna cha kuuza.

Fundi wa kwanza alikuwa na mashine ya kupimia nozeli, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa nozeli. Sikumlaumu, mashine ile ilikuwa ghali na lazima irudishe hela yake. Alinipa kwanza darasa la moshi: mweusi, mafuta ni mengi kuliko hewa, mweupe, mafuta yanatoka bila kuungua, wa bluu, injini inakunywa oili. Darasa zuri na la kweli. Tatizo ni kwamba pikapu yangu ilikuwa haitoi moshi wowote wa maana, na gari linalozima bila moshi linakwambia mafuta hayafiki kabisa. Hilo nilijaribu kulisema. Akaniambia, "Mzee, wewe niachie mimi." Nikamwachia, pamoja na fedha za mauzo ya vitunguu. Nozeli mpya zikafungwa, pikapu ikapiga resi pale gereji hadi kuku wa jirani wakahama. Kitonga ikapumzika palepale inapopumzikaga.

Wa pili akasema hewa. Na huyu, nimtendee haki, alikuwa na hoja. Kwa kuwa mafuta yanavutwa na si kusukumwa, mpira ukipasuka kati ya tangi na pampu hautadondosha dizeli chini ukaona. Utanyonya hewa kimyakimya, na pampu ya dizeli ikimeza hewa inapoteza nguvu. Akaniuliza gari nikililaza usiku limeinua pua, asubuhi linasumbua kuwaka? Likilala limeinamisha pua, je? Swali la kitaalamu, maana mwenye tundu la hewa mafuta yake hurudi tangini usiku kucha gari likiwa limeinuka. Nikamjibu linawaka vizuri likilala vyovyote. Hilo jibu lilitosha kumwonyesha kwamba si hewa. Alilisikiliza, akatikisa kichwa, akabadilisha mipira yote na klempu zote. Kisha akalegeza nati za mabomba ya nozeli kwa spana namba 17, akanituma nikapige stata mpaka povu likaisha na dizeli safi ikaruka, nyingine ikaniingia kwenye shati la kazini. Mama watoto alinusa shati lile akaniuliza kama nimebadilisha kazi.

Halafu ikaja zamu ya fundi umeme.

Nyuma ya pampu kuna solenoidi, kidude chenye waya mmoja. Ukifungua swichi, umeme unakivuta na njia ya mafuta inafunguka. Ukizima swichi, springi inakirudisha, mafuta yanafungwa, injini inakufa. Ndivyo dizeli ya zamani inavyozimwa. Haina plagi za cheche useme utazikatia moto. Fundi umeme akasema waya wa solenoidi unapoteza umeme gari likitikisika, ndiyo maana inazima. Kukagua waya mzima ni kazi, akasema, ngoja tupige dairekti kutoka kwenye betri. Akapiga dairekti. Akachukua chake akaenda zake.

Kesho yake nilikwenda msibani Kihesa. Nikaegesha karibu na turubai, nikazima swichi, nikachomoa funguo, nikashuka. Pikapu ikaendelea kunguruma. Gari ambalo limenizimikia kwenye kila kona ya Kitonga siku hiyo lilikataa kuzima. Mchungaji alikuwa katikati ya sala, akapandisha sauti. Pikapu haikushusha yake. Mzee mmoja wa ukoo akatoka turubaini taratibu, akaniinamia sikioni: "Baba, zima gari tuombe." Sikuwa na la kujibu. Nikafungua kiganja nikamwonyesha funguo. Akazitazama funguo, akaitazama pikapu, akarudi nyuma kidogo.

Njia ya kuizima gari ya namna hiyo ni kuchomoa waya kwenye pampu, lakini boneti ilikuwa ya moto na suruali yangu ilikuwa ya msibani. Nikapanda, nikaweka gia ya nne, nikakanyaga breki, nikaachia klachi. Ilikufa, ndiyo. Ila kabla ya kufa iliruka mbele ikasukuma viti vya plastiki vya kukodi, vitupu kwa bahati nzuri. Nilichanga zaidi ya nilivyopanga.

Kijiweni nako kesi ilikuwa inaendelea bila mimi. Wengi walikubaliana kwamba mafuta yamechakachuliwa. Watu wa umri wetu tunakumbuka enzi ambazo mafuta ya taa yalikuwa nafuu mno kuliko dizeli, na wenye vituo wasio na huruma wakayachanganya, mpaka EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka uliofuata. Madhara ni ya kweli: pampu ya aina hii inalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni mepesi, kwa hiyo vyuma vinasagana. Lakini siku hizi ukitazama bei kikomo zinapotoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, unajiuliza nani atapata hasara ya kuchanganya. Hata hivyo nilijaza dizeli yangu kwenye chupa ya maji ya kunywa, nikaiacha dirishani ikalala. Kama ina maji, maji yanakaa chini na dizeli juu, mstari unauona. Asubuhi hapakuwa na mstari. Palikuwa na mtoto wangu wa mwisho anauliza ile juisi ni ya nani.

Mwalimu wa Jiografia, jirani yangu, aliona niongezewe aibu kidogo. Akaja na simu, akanionyesha kipindi cha Waingereza, Top Gear, cha mwaka 2003. Walichukua Hilux ya dizeli ya mwaka 1988, wakaigongesha mti, wakaiacha ufukweni mpaka maji ya bahari yakaimeza, wakaichoma moto, mwisho wakaipandisha juu ya jengo la ghorofa na kulibomoa jengo hilo likiwa chini yake. Fundi akapewa zana bila spea mpya. Ikawaka. Sasa inatunzwa makumbusho.

"Yako ni ya mwaka 1994," mwalimu akasema. "Ni mdogo wake. Inashindwa na vitunguu?"

Na jirani wa upande wa pili, mtu mwenye sauti ya chini na macho ya kuangalia huku na huku, akaniita pembeni ya ukuta. Akasema yeye si mtu wa maneno mengi. Akasema vitunguu vyangu msimu uliopita viliuzika sana, na si kila aliyefurahi alifurahi. Akasema kwa maoni yake kuna kitu kimewekwa kwenye lile gari. Nikamshukuru nikaingia ndani.

Nilipoambiwa kwamba sasa pampu lazima ishushwe, ipelekwe Mbeya ifunguliwe yote, na nilipotajiwa bei, nilikaa kwenye benchi la gereji muda mrefu. Hapo ndipo mzee mmoja aliyekuja kuchomelea jembe la trekta akanihurumia. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Alikuwa anatazama pikapu. Alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya chai Mufindi mpaka alipostaafu. Akaniuliza maswali ambayo tangu mwanzo hakuna aliyeniuliza. Inazima ikiwa na mzigo tu? Ndiyo. Ukingoja inawaka yenyewe bila kushikwa popote? Ndiyo, mzee. Inazima ghafla au inafifia? Inafifia. Akanyamaza. Kisha, badala ya kufungua boneti, akazunguka upande wa tangi.

Pale panapotakiwa kuwa na kifuniko cha tangi palikuwa na kitambaa. Kitambaa kilichokunjwa vizuri, kimesokomezwa kwa upendo. Nilijua kipo, niliambiwa na aliyeazima gari kwamba kifuniko "kiko kwa fundi wa funguo". Na aliyeazima, nimtaje sasa hivi yaishe, ni shemeji yangu, mdogo wake mama watoto. Huyohuyo mwenye pembetatu yangu.

Mzee hakusema neno. Akaomba dumu la lita 10. Akalifunga juu ya kabini, akateremsha mpira mmoja kutoka dumuni hadi kwenye filta, na mpira wa marejeo, ule unaorudisha mafuta yasiyotumika, akaupandisha nao dumuni; ukiusahau huo, akanionya, dizeli yako itahamia tangini yote wakati wewe unafurahia mandhari. Akasema pia mchezo huu ni wa dizeli tu, mwenye gari la petroli asithubutu kupandisha dumu juu ya kabini. Tukapakia mchanga wa jirani anayejenga, tukateremka Ipogolo, tukageuza, tukaanza kupanda mjini.

Ilipanda. Ilipanda na mchanga wake, na mzee, na mimi, na utingo nyuma ameshika dumu, haikukohoa hata mara moja. Pampu ambayo ilitakiwa kwenda Mbeya ilikuwa nzima. Nozeli zangu za zamani, kumbe, nazo zilikuwa nzima. Mzee akaamuru turudi chini, akaurudisha mpira kwenye bomba la tangi, tukapanda tena. Katikati ya mlima, ikafifia, ikazima. Sikuwahi kufikiri nitashangilia gari kuzima. Niligonga usukani nikacheka, na mwenye daladala aliyekuwa nyuma yetu akapita ananiangalia kwa masikitiko.

Tangi likashushwa. Dizeli ikamwagwa kwenye ndoo kupitia boliti ya chini. Mzee akaingiza waya uliopindwa, akavua kutu, akavua mchanga mwembamba, kisha akavua, polepole, ukitoka kidogo kidogo na kurefuka, mfuko wa rambo. Mweusi. Mzima na vishikio vyake.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019. Sokoni iliondoka, madukani iliondoka. Mmoja ulikuwa umejificha kwangu.

Maelezo ya mzee yalikuwa mafupi. Mwendo wa kawaida pampu inavuta taratibu, mfuko unaelea zake. Ukibeba mzigo ukapanda mlima, inavuta zaidi, mfuko unasogea mpaka unajibandika kwenye chujio la bomba la kunyonyea, na injini inabaki inavuta kama mtoto mwenye mrija ulioziba kwa nyama ya embe. Ikizima, mvuto unakwisha, mfuko unaachia. Unapiga stata, inawaka. Ndiyo maana gereji haikuzima hata siku moja: gereji hakuna mlima.

Malipo ya mzee yalikuwa madogo kiasi kwamba niliona haya nikaongeza.

Habari ilisambaa kabla sijafunga boneti. Fundi wa nozeli akapiga simu: "Si nilikwambia mafuta hayafiki?" Nikamuuliza zile nozeli zangu za zamani ziko wapi nizirudishie. Akasema mtandao unakatakata. Fundi wa hewa naye akadai ushindi, kwa sababu mfuko, ukiufikiria vizuri, ni kitu cha kuwekea hewa. Fundi umeme hakupokea simu. Na yule jirani wa sauti ya chini akanikuta getini, akatabasamu kwa upole, akasema tu, "Nilikwambia kuna kitu kimewekwa." Nimelitafakari sana jambo hili na linaniuma: katika wote waliolitibu gari langu, ni yeye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, na ndiye pekee ambaye hakunitoza.

Shemeji alikuja jioni. Hakukana. Alisema kifuniko alikiacha juu ya bampa pale sheli Makambako akaondoka, akaona vibaya kunisumbua, akaziba kwa rambo aliyoiokota chini ya siti na kitambaa juu yake. Muuza mafuta mwingine akaja akasukuma ndani mdomo wa pampu bila kutazama. "Lakini kitambaa nilikirudishia, shem," akasema, kana kwamba nimpongeze.

Kifuniko kipya nimekipata baada ya kuzungushwa maduka yote ya spea, maana cha model hii kinauzwa pamoja na vitasa vya milango na swichi, na mimi nilitaka kifuniko tu. Nilichopata ni cha kufunga kwa ufunguo wake peke yake. Nimekifunga.

"Sasa kama gari limepona, shem," akaendelea, "Jumamosi nina send-off Mafinga. Nitaliazima asubuhi tu."

Nikampa ufunguo wa swichi bila kinyongo. Ufunguo wa kifuniko umebaki mfukoni mwangu, na tangini nimeacha dizeli ya kumfikisha Ifunda.